Kupata kiasi cha amortisa kwenye mawe ya Goma

Mtu akishafunga amortisa mpya zenye kitufe cha kurekebishia, mara nyingi anakaza mpaka mwisho. Amelipa pesa nyingi, anataka aisikie tofauti. Anachosikia baadaye ni biyeleti (vijiti vinavyounga kiimarishi cha gari na magurudumu) zinazogonga na mpira wa juu wa amortisa uliopasuka.

Amortisa (jirani zetu wa Tanzania husema shokomzoba) haibebi uzito wa gari. Uzito uko juu ya resori (springi); amortisa inaituliza resori isiendelee kurukaruka. Ndani yake mafuta yanalazimishwa kupita kwenye matundu madogo, na kitufe kinapanua au kubana njia ya mafuta hayo. Kwenye lami unaweza kubana kiasi na gari likakaa vizuri kwenye kona. Ukiacha lami ukaingia kwenye avenyu za Majengo au Ndosho, pine (tairi) inapigwa na mawe ya volkeno, madogo na makali, moja baada ya jingine kwa haraka. Amortisa iliyobanwa haipati muda wa kuingia, kwa hiyo pigo lote linapita hadi kwenye bodi.

Kwanza jua una aina gani. KONI Sport za manjano zinarekebisha upande mmoja tu, yaani namna amortisa inavyotoka baada ya kubonyea. Kombine nyingi zenye nyuzi (amortisa na resori katika kipande kimoja) na kitufe kimoja juu hubadilisha kuingia na kutoka kwa pamoja: BC Racing ya BR ina kliki (hatua za kitufe) 30, Tein Flex Z ina 16. Rancho RS9000XL, ambayo huonekana chini ya magari makubwa ya 4x4, ina namba 1 hadi 9. KYB Excel-G haina cha kugeuza kabisa, hata muuza piese (vipuri) akikuapia.

Kabla ya kugusa kitufe, kagua yaliyochoka. Pima upepo wa pine asubuhi zikiwa baridi, kwa kiasi kilichoandikwa kwenye karatasi ya mlango wa dereva. Tikisa rotili (viungo vya mpira wa chuma), angalia silambloki (bushi za mpira) na biyeleti. Papasa amortisa yenyewe: ikiwa imelowa mafuta, kliki hazitabadilisha chochote, na hiyo hubadilishwa mbili kwa mpigo, za ekseli moja. Halafu safisha kitufe kwa brashi na upepo. Vumbi letu ni la mawe ya volkeno, linasaga, na likiingia kwenye sindano ya ndani inayobana njia ya mafuta, kitufe kinakwama.

Sasa tafuta sifuri. Kwenye Tein na BC, geuza kulia kama unavyofunga boloni, kwa vidole viwili tu, mpaka kisimame. Usilazimishe; sindano ikikandamizwa kwenye kitako chake inaharibika. Kutoka hapo rudi kushoto ukihesabu kliki. Kwa mitaa ya Goma anza karibu na ulaini: kwenye BC rudi kliki 20, kwenye Tein rudi 11. Rancho weka 3 ukiwa peke yako, 5 au 6 ukibeba mzigo. Kushoto na kulia kwa gari lazima vilingane. Mbele na nyuma vinaweza kutofautiana.

KONI za zamani ambazo hazina kitufe zinataka kutolewa kwenye gari. Toa mpira wa ndani kama upo, bonyeza fimbo mpaka chini kabisa, kisha izungushe taratibu kwenda kushoto mpaka usikie imeshika meno. Endelea kushoto ukihesabu nusu mizunguko mpaka isimame: hapo ndipo sifuri, na hesabu hiyo inakuambia ilikuwa imewekwa wapi. Kisha, fimbo ikiwa bado imebonyezwa, kulia nusu mzunguko mmoja mmoja inazidi kukaza. Ukimaliza vuta fimbo wima angalau sentimita 1 bila kuizungusha, la sivyo unavuruga ulichoweka. Na usiishike fimbo kwa koleo. Mkwaruzo mmoja kwenye kromu unakata mpira unaozuia mafuta, na amortisa inaanza kuvuja.

Majaribio yafanyike kwenye njia ileile, kwa mwendo uleule: kipande cha mawe kwa kilomita 15 kwa saa, kipande cha lami kwa 40. Badilisha kliki 2 tu, ekseli moja tu, kisha rudia. Gari likipita tuta na kuendelea kuyumba zaidi ya mara moja, kaza. Likitetemesha usukani au nyuma ikirukia pembeni kwenye mawe, legeza. Kuna dalili moja inayowadanganya hata mafundi: gari linaanza vizuri, kisha kadiri mawe yanavyofuatana linazidi kuwa gumu na kushuka. Hapo amortisa imebanwa mno upande wa kutoka. Resori haipati nafasi ya kunyooka kabla ya pigo linalofuata. Wengi wanazidi kukaza wakidhani imelegea. Legeza kliki 3 au 4.

Likigonga chini kwa kishindo kwenye shimo, usitegemee kitufe. Resori ni laini mno, mzigo umezidi, au gari limeshushwa kupita kiasi. Kushusha gari Goma ni kuitoa karteri (bakuli la mafuta ya injini) sadaka kwa mawe, lakini ukiamua kubadili urefu, pima kutoka katikati ya gurudumu hadi ukingo wa bodi, pande zote nne, kabla na baada. Kombine yenye kitako cha chini kinachozunguka ipandishwe kwa kitako hicho, usiibane resori zaidi. Baada ya hapo fanya paralelisme (kunyoosha magurudumu). Ukibadilisha kliki peke yake haihitajiki.

Ukiinua gari, ardhi yetu ya mawe haiko sawa: weka ubao mnene chini ya kriki (jeki), na chevale (stendi za kushikilia gari) chini ya gari kabla ya kuingiza mkono. Nati ya juu ya amortisa ya mbele isifunguliwe resori ikiwa haijabanwa kwa vibanio vyake. Inaruka na inaua. Boloni za silambloki zikazwe mwisho gari likiwa limesimama juu ya pine zake. Zikikazwa magurudumu yakining'inia, mpira unabaki umejipinda na utachanika mapema, kisha lawama atabebeshwa aliyeuza amortisa. Nati za magurudumu kwenye Corolla na RAV4 nyingi hukazwa kwa 103 Nm (kipimo cha nguvu ya kukaza). Zirudie baada ya kilomita 50 hivi, kwa sababu mawe yanalegeza.