Kabla hujawa mlezi wa mzazi wako: mambo ya kuzingatia mapema, wataalamu hawajaanza kukuzungusha

Watu wengi wanadhani kumlea mzazi ni kumuogesha, kumlisha na kumpeleka kliniki, kumbe hiyo sehemu hata kama inachosha angalau unaielewa. Inayomaliza watu ni makaratasi na wenye makaratasi yao, yaani daktari, wakili, benki, ofisi ya pensheni, bima, ustawi wa jamii, kila mmoja anamuona mzazi wako kipande tu, anayemuona mzima ni wewe, na wewe kwenye macho yao si mtu yeyote mpaka uwe na hati mkononi. Kwa hiyo haya ni ya kufanya mzazi akiwa bado anabishana na wewe na bado anakumbuka nani anamdai, siyo ya kusubiri siku ameanguka.

Cha kwanza kabisa ni saini yake. Hati ya uwakala, ile wengi wanaiita pawa ya atoni, anaitoa mzazi mwenyewe akiwa na akili timamu, hakuna mwingine anayeweza kuitoa kwa ajili yake, si mke, si mume, si mtoto wa kwanza. Na kuna mtego ambao watu wanaujua wakiwa wameshachelewa: kwenye nchi zilizorithi sheria za Kiingereza, hati ya kawaida ya uwakala inakufa pale aliyeitoa anapopoteza uwezo wa kuamua, yaani inakufa siku ile ile uliyokuwa unaiandaa. Uingereza wenyewe waliliona hilo wakatunga sheria mwaka 1985 ya hati inayobaki hai hata akili ya mtu ikiondoka, halafu 2007 wakaleta mpya yenye aina mbili, moja ya mali na fedha, nyingine ya afya na matunzo. Ndo maana swali lako la kwanza kwa wakili liwe hili: mzazi akipoteza uwezo, hii hati itaendelea kufanya kazi au la? Na la pili, inanipa sauti kwenye matibabu au kwenye hela tu? Akikujibu kwa kuzunguka muombe akuandikie. Hakikisha pia kuna jina la mbadala, manake na wewe unaweza kuumwa.

Hapo kwa wakili kuna kitu kinaudhi watoto wengi. Mnaingia wote, wewe unaanza kueleza, wakili anakwambia kwa upole naomba utupishe kidogo. Usinune. Mteja wake ni mzazi wako hata kama hela ya kumlipa imetoka mfukoni mwako, na kukutoa nje ndo kinga yako ya kesho, siku ndugu mmoja akisimama kusema mzee alilazimishwa wakili atasema nilikaa naye peke yake nikamuuliza akanijibu. Wakili anayechukua maelezo yote kwako halafu anamsogezea mzee karatasi asaini, huyo mimi ningemuogopa. Kama mzazi ameshaanza kusahau sahau omba miadi ya asubuhi, wengi wao jioni ndo wanachanganyikiwa zaidi, na barua ya daktari kuhusu hali ya akili yake iwe ya siku hiyo hiyo au karibu na hapo, ya mwaka jana haisaidii. Ada iulize kabla hamjaanza, analipwa kwa kazi nzima au kwa saa, na simu utakazompigia zinahesabiwa?

Hili la uwezo wa kuamua lielewe vizuri kwa sababu wataalamu wenyewe wanalivuruga. Kusahau tarehe ya leo si kupoteza uwezo wa kuamua. Sheria ya Uingereza ya mwaka 2005 imeliweka kwa namna ambayo mimi naona ni ya kibinadamu: mtu anahesabiwa ana uwezo mpaka ithibitike hana, na kinachopimwa ni uamuzi mmoja mmoja, je anaelewa anachoambiwa, anakishika kichwani muda wa kutosha kuamua, anaweza kupima faida na hasara, anaweza kueleza alichoamua kwa njia yoyote hata kwa ishara. Ndo maana mzazi anaweza akawa hawezi tena kuuza kiwanja lakini anaweza kabisa kusema nani amuogeshe na nani asimguse. Na kuamua vibaya si ushahidi wa ugonjwa, tungekuwa wengi.

Anaweza kupewa kipimo cha kumbukumbu na akili cha maswali ya alama 30, kimoja maarufu kinatumika tangu 1975, aulizwe leo ni siku gani, hesabu za kutoa, kukumbuka maneno matatu. Kina maana yake ila kinaathiriwa na elimu ya mtu, masikio yake na lugha aliyoulizwa, mzee ambaye hakukaa darasani anaweza kufeli na akili yake iko sawa, na mwalimu mstaafu akafaulu vizuri tu huku nyumbani anaacha jiko linawaka. Nenda na miwani yake na kifaa chake cha kusikia kama anacho, na aulizwe kwa lugha anayoiotea ndoto.

Kama muda wa kusaini umeshapita, kinachobaki ni mahakama, uteuliwe kuwa mlezi au msimamizi wake kisheria. Jiandae kwa ripoti ya daktari, ndugu kupewa taarifa na nafasi ya kupinga, orodha ya mali zake zote, na baada ya hapo kutoa hesabu kwa kipindi mahakama itakachopanga, na mara nyingi huuzi nyumba wala ardhi bila kibali. Ushauri wangu, omba mamlaka unayoyahitaji tu. Zamani sehemu nyingi mlezi alikuwa anachukua kila kitu na mzazi anageuka mtoto mbele ya sheria, lakini upepo umebadilika, Ujerumani waliachana na ulezi wa namna hiyo kwa watu wazima mwaka 1992 wakaleta msaidizi anayepewa maeneo yale tu ambayo mtu hawezi, Japani nao wakabadilisha mfumo wao mwaka 2000, na mkataba wa Umoja wa Mataifa wa haki za watu wenye ulemavu wa 2006 unasema wazi kwamba wana uwezo wa kisheria sawa na wengine. Kando ya haki kuna sababu ya kichoyo kidogo: kila mamlaka utakayopewa ni kitu kingine utakachotolea hesabu.

Benki sasa. Nilikaa mbele ya dirisha na hati halisi yenye muhuri, dada wa pale akasoma ukurasa wa kwanza, akageuza, akarudi, akauliza mwenyewe yuko wapi. Nikasema yuko kitandani, hawezi kuongea. Akasema basi aje. Nikamwambia dada yangu, angekuwa anaweza kuja nisingekuwa na hii karatasi. Akaingia ndani, akarudi na mwenzake, mwenzake naye akaisoma ile hati kwa makini akauliza, mwenyewe yuko wapi?

Si ubaya wao, hati kama hizo wanaziona mara chache na anayeziamua yuko kitengo cha sheria ambako wewe hufiki. Ndo maana inabidi uipeleke mapema, mzazi akiwa bado anaweza kwenda na wewe akasema huyu ni mwanangu namuamini, waiingize kwenye mfumo wao hata kama hutaitumia miaka mitano ijayo. Uliza kwa maandishi wanahitaji nini ili kuikubali, wengine wana fomu yao wenyewe na bila hiyo hata hati ya mahakama inakaa mezani. Tengeneza kopi kadhaa zilizothibitishwa kwa muhuri, halisi usimwachie mtu hata akikwambia kesho utaichukua. Kama mkono umebadilika kwa sababu ya kiharusi au kutetemeka, sampuli ya saini ibadilishwe sasa hivi. Akaunti ya pamoja inaonekana njia ya mkato, ila sehemu nyingine mmoja akifa hela yote inakuwa ya aliyebaki, na hapo ndugu wanaanza kuhesabiana, kwa hiyo ulizia kwanza.

Madaktari ndo wananifanya niandike kwa urefu. Mama yangu akifika mbele ya daktari alikuwa mtu mwingine, amekaa wima, kitambaa kimenyooka, anaulizwa unaendeleaje mama, anasema sijambo mwanangu, wewe je hujaoa tu? Daktari anacheka, anaandika anaendelea vizuri, huyo huyo jioni ananiuliza mimi ni mtoto wa nani na ananiomba nimrudishe kwao. Wazee wengi wana uwezo wa kujikaza kwa dakika 15 na dakika 15 ndo muda wote daktari alionao. Ukianza kumkatiza pale pale, mama mbona unadanganya, umemvunjia heshima na daktari anabaki na picha ya mtoto mkorofi.

Kinachofanya kazi ni ukurasa mmoja, mmoja tu, unampa nesi kabla hamjaitwa. Usiandike "anasahau sana" au "amekuwa mkali", hayo hayamwambii daktari kitu, andika matukio na saa: aliamka saa nane usiku akavaa viatu akataka kutoka, alimeza dawa ya presha mara mbili, ameanguka bafuni na hakuumia. Juu kabisa weka sentensi ya kile kilichokuleta leo. Na kama unaambiwa hatuwezi kukupa taarifa zake ni siri ya mgonjwa, sawa, hiyo inawazuia wao kukupa, haiwazuii kupokea, wewe peleka barua yako iwekwe kwenye faili.

Tofautisha pia kilichokuja taratibu na kilichokuja ghafla, na uliseme hilo kwa sauti. Ugonjwa wa kusahau unakuja kwa miezi na miaka. Mzee aliyekuwa sawa Jumatatu na Jumatano anaona watu ukutani, au kinyume chake analala tu haamki vizuri, huyo inabidi aangaliwe haraka, inaweza kuwa maambukizi, mara nyingi ya mkojo au kifua, upungufu wa maji, choo kugoma, au dawa mpya. Ukijibiwa "ni uzee tu" usikubali kuondoka hivi hivi, sema daktari, wiki iliyopita hakuwa hivi. Hayo maneno yana nguvu kuliko kulia. Na hata kusahau kwa polepole, uliza kama wamepima tezi ya shingo na vitamini B12, maana hizo zikikosea zinaweza kufanana na dimenshia, huo ugonjwa wa kusahau, na zinatibika.

Dawa zibebe zote kwenye mfuko, na za dukani, na za mitishamba, na zile alizopewa na jirani. Kila mtaalamu anaongeza yake na hakuna anayetoa ya mwenzake, mpaka unakuta dawa ya tano inatibu kizunguzungu kilicholetwa na ya tatu. Kuna dawa za kawaida kabisa za mafua na mzio zinazoleta usingizi, kama zenye klorofeniramini, ambazo kwa mzee zinaweza kumvuruga akili. Marekani wana orodha ya dawa za kuepuka kwa wenye miaka 65 kwenda juu, ilianza 1991 na inasasishwa mpaka leo, hivyo si wewe unayejifanya mjuaji ukiuliza: hii mpya inachukua nafasi ya ipi, na ipi tunaweza kuacha? Kuacha kwenyewe usifanye kwa uamuzi wako mwenyewe.

Akilazwa, zamu zinabadilika na kila zamu inaanza upya, leo mmoja anasema atapasuliwa kesho mwingine anashangaa nani kasema. Tafuta daktari kiongozi ni nani, andika jina lake, tarehe, alichosema. Wakitaka kumruhusu, usiseme "nitajitahidi", hiyo kwao ni ndiyo. Sema nyumbani hakuna wa kumgeuza usiku, mimi nakaa kazini mchana, hawezi kupanda ngazi. Na fomu za hospitali zisome kabla ya kusaini, kuna tofauti kubwa kati ya kusaini kwa niaba ya mgonjwa na kusaini kama mdhamini wa deni, kama unamwakilisha andika hivyo pembeni ya jina lako.

Ndugu, kwa ufupi: chagueni mdomo mmoja wa kuongea na wataalamu, watoto wanne wakimpigia daktari yule yule na maelezo manne anaacha kupokea simu. Anayeongea awape wengine taarifa siku hiyo hiyo. Hela ya mzazi isichanganyike na yako hata kidogo, risiti zote ziwekwe, maana anayelaumiwa kwa wizi huwa ni yule anayefanya kazi, aliye mbali halaumiwi. Namba za siri, simu ambayo meseji za benki zinaingia, hati ya nyumba, kadi ya bima, mjue viko wapi.

Na mzazi muulize mwenyewe sasa, anataka nini kama hatapumua mwenyewe, anataka kukaa kwa nani, nani hamtaki. Ataruka hayo mazungumzo mara ya kwanza, na ya pili. Anza na dogo, kama vile nani amsomee barua zake.

La mwisho ambalo hakuna mtaalamu aliyelitaja mpaka nikauliza: uwakala unaisha siku mzazi anafariki, dakika hiyo hiyo, kuanzia hapo anayehusika ni msimamizi wa mirathi. Ukitoa hela kwenye akaunti yake kesho yake, hata kama ni ya kulipa hospitali, unaweza kujikuta unajibu maswali mahakamani. Kwa hiyo ukiwa bado kwa wakili kwa ajili ya ile hati ya kwanza, muulize gharama za mazishi zinaruhusiwa kutoka wapi na nani anazisaini.