Mtoto wa Mwisho Kwenye Foleni: Hatua za Kusimamia Chakula cha Shule

Mimi ni mwalimu wa shule ya msingi katika kaunti ya Tana River, na tangu 2011 ndiye ninayeshika ufunguo wa stoo ya chakula. Nilianza mwaka ule wa ukame mkali, wakati magunia yetu bado yalikuwa ya Shirika la Mpango wa Chakula Duniani, WFP. Serikali ya Kenya na WFP walianza kulisha wanafunzi wa maeneo kame mwaka 1980. Tulipokea ngano iliyopasuliwa tuliyoizoea kwa jina la bulga, njegere za njano, na makopo ya mafuta ya lita 4. Sehemu ya chakula hicho ilitoka Marekani kupitia mpango unaobeba majina ya maseneta George McGovern na Bob Dole, uliowekwa kwenye sheria ya nchi hiyo ya mwaka 2002. Kuanzia 2009 shule nyingine zilianza kupewa pesa zinunue chakula kwa wakulima wa karibu, na 2018 WFP ikaikabidhi serikali shule zilizokuwa zimebaki mikononi mwake.

Magunia yamebadilika rangi, kazi ya stoo ni ile ile. Naandika kwa ajili ya mwalimu aliyekabidhiwa ufunguo wiki hii na hajui aanzie wapi.

Kwanza nikueleze kilichonifundisha. Muhula wangu wa kwanza nilitoa stooni kilo kamili, nikazipima mwenyewe. Saa saba mchana watoto 23 walibaki na makopo matupu. Msichana wa darasa la pili alikuja akaligeuza kopo lake mbele yangu, mdomo chini, lisidondoke hata punje. Hakuna aliyeiba. Mpishi mmoja alikuwa akipakua kwa kikombe, mwenzake kwa bakuli, na wavulana wakubwa ndio waliotangulia. Tangu siku hiyo kila hatua ninayofuata naipima kwa mtoto wa mwisho kwenye foleni.

Hatua ya 1: Piga hesabu kabla ya lori kuja

Kipimo tulichorithi ni hiki, kwa mtoto mmoja kwa siku: nafaka gramu 150, njegere au maharagwe gramu 40, mafuta gramu 5, chumvi ya madini joto gramu 3. Hiyo ni karibu kilokalori 700.

Tuseme una watoto 312. Nafaka ni 150 × 312, yaani kilo 46.8 kwa siku. Njegere ni kilo 12.48. Mafuta kilo 1.56. Chumvi haifiki kilo moja. Muhula wa siku 65 za masomo utahitaji nafaka kilo 3,042, sawa na magunia 61 ya kilo 50, na magunia 17 ya njegere. Kopo la mafuta la lita 4 lina uzito wa karibu kilo 3.7, kwa hiyo makopo 28 yatatosha. Andika hesabu hii kwenye karatasi ya kwanza ya leja yako. Ukiletewa magunia 48 ya nafaka utajua papo hapo kwamba chakula kitaisha siku ya 51, na utakuwa na miezi miwili ya kutafuta njia.

Hatua ya 2: Pokea mzigo ukiwa na shahidi

Usipokee peke yako. Ita mzazi mmoja wa kamati ya chakula, hata kama lori limefika usiku na dereva ana haraka. Hesabu magunia yakishuka, si yakiwa ndani ya lori. Katika kila kumi pima moja kwenye mizani. Gunia lililochanika, lililolowa au lenye harufu ya ukungu liweke kando, uliandike kwenye hati ya mzigo kabla ya kutia sahihi, na dereva naye atie yake. Ukishatia sahihi kwanza, malalamiko yako ya kesho hayana pa kushika.

Kama ni mahindi yaliyonunuliwa kwa wakulima wa karibu, yapime unyevu. Yasizidi asilimia 13.5. Shule nyingi hazina kipimo, lakini chupa ya kioo unayo. Chukua chupa kavu kabisa yenye kifuniko, tia mahindi hadi theluthi moja, ongeza vijiko viwili vya chumvi iliyoanikwa juani ikakauka, funga, tikisa kwa dakika mbili, kisha iache itulie dakika kumi. Chumvi ikianguka chini yote, mahindi yako chini ya asilimia 15 hivi, yaani yamekaribia kukauka; yaanike tena kidogo kabla ya kuyaweka stoo. Ikiganda kwenye kuta za chupa, yana maji. Yarudi juani au yarudi kwa mwenyewe.

Hapa naomba usione haya kukataa mzigo. Mahindi yenye maji huota ukungu, na ukungu huo hutoa sumu ya aflatoksini. Mwaka 2004 katika Ukambani, hasa Makueni na Kitui, watu 317 waliugua kwa mahindi ya namna hiyo na 125 wakafa. Sumu hiyo haitoki kwa kuchemsha. Chupa ya chumvi inakuambia kuhusu maji tu, haikuonyeshi sumu. Kwa hiyo punje zenye rangi ya kijani au nyeusi usimpe mtoto wala kuku.

Hatua ya 3: Panga stoo

Magunia yasiguse sakafu wala ukuta. Yaweke juu ya vichanja vya mbao, uache nafasi ya mtu kupita pande zote, maana panya hupenda pembe usizozifikia na mvua hupenyeza maji ukutani. Kilichoingia kwanza ndicho kitoke kwanza: andika tarehe kwa kalamu nzito kwenye kila gunia. Dawa ya wadudu, mafuta ya taa na simenti visilale chumba kimoja na chakula. Mlango uwe na kufuli mbili, ufunguo mmoja kwako, wa pili kwa mzazi. Kufuli ya pili inamlinda mwalimu kuliko inavyolinda mahindi, siku uvumi utakapoanza kijijini, na utaanza, utakuwa na mwenzako wa kusema "nilikuwapo."

Hatua ya 4: Toa kwa idadi ya walioko

Pima kwa watoto waliofika, si waliosajiliwa. Shida ni kwamba mahindi hayasubiri rejista. Yanalowekwa jioni na yanahitaji karibu saa tatu motoni, kwa hiyo loweka kwa idadi ya jana, halafu njegere, mafuta na chumvi uzipime asubuhi ukishajua idadi ya leo. Tofauti iandike. Leja yangu ina safu tano: tarehe, watoto waliokula, kilichotoka, salio, sahihi mbili. Ijaze papo hapo. Leja inayojazwa Ijumaa kwa kumbukumbu ya Jumatatu ni hadithi.

Hatua ya 5: Jikoni

Akina mama wanaopika wanajua kupika githeri kuliko mimi na wewe, usiwasumbue. (Kamusi inaiita pure, na wenzetu wa Tanzania husema makande.) Yako mambo matatu tu ya kukubaliana nao. Njegere zilizopasuliwa zitiwe mahindi yakikaribia kuiva, la sivyo zitakuwa uji. Mafuta na chumvi vije mwisho, kwa sababu vitamini A iliyoongezwa kwenye mafuta na madini joto ya chumvi hupungua vikikaa motoni muda mrefu. Na kibuyu chirizi, yaani kibuyu au dumu la kunawia mikono, kiwe mlangoni pa jiko, chenye maji na sabuni, kwa wapishi na watoto pia.

Kuhusu kuni, msimamo wangu ni mmoja: mtoto asirudishwe nyumbani kwa kukosa kijiti cha kuni. Nimeona ikifanyika, na anayerudishwa ni yule yule aliyekuja shule kwa sababu ya chakula. Kuni ziwe deni la wazazi kwenye kamati. Jiko la kuokoa kuni, lile la kujengewa matofali kuzunguka sufuria, litapunguza deni hilo.

Hatua ya 6: Tafuta kikombe chako

Hii ndiyo hatua niliyoikosa mwanzoni, na sijaiona kwenye mafunzo yoyote niliyohudhuria.

Chagua siku moja. Pika kama kawaida, kwa sufuria ambayo unajua ni ya watoto wangapi. Kwetu kila sufuria ni ya watoto 156. Chukua kikombe kimoja cha chuma, na kabla ya kumpakulia mtu yeyote, hamishia chakula chote kwenye sufuria nyingine safi, kikombe kwa kikombe, mkihesabu kwa sauti. Siku yetu tulipata vikombe 320. Gawa kwa 156: kila mtoto vikombe viwili, vinabaki vinane. Toboa mpini wa kikombe hicho, ukifunge kwa kamba jikoni, ununue wa pili wa kipimo hicho hicho kwa mpishi wa pili. Bakuli na vifuniko viondoke kabisa.

Kisha geuza foleni. Chekechea watangulie, halafu darasa la kwanza, wakubwa wamalizie. Mkubwa akikuta kikombe kimepungua atakuja kukuambia. Mtoto wa chekechea ataondoka tu kimya. Kwa wiki mbili za mwanzo simama wewe mwenyewe mwisho wa foleni, si penye sufuria. Vile vikombe vinane vya ziada wape wadogo, na usiruhusu kibebwe chochote kutoka jikoni, hata na mwalimu.

Hatua ya 7: Jiandae kwa pengo

Mafuriko ya Novemba 2023 yalikata barabara huku kwetu, na mzigo uliotarajiwa haukufika kwa wakati. Tangu hapo naweka akiba ya siku kumi ambayo haiguswi mpaka kamati ikae.

Chakula kikielekea kuisha, kuna kishawishi cha kupunguza kipimo ili kifike mwisho wa muhula. Mimi nakataa. Nusu kikombe hakimtoshi mtoto aliyetembea kilomita nne, na kipimo kikishateremka ni vigumu kukipandisha. Pika kipimo kamili, waambie wazazi mapema tarehe kitakapoisha, na uwape wiki tatu wachange wanachoweza: debe la mahindi, kunde za shambani, maembe msimu ukiwa mzuri. Magunia na makopo matupu tuliyauza kwa idhini ya kamati, na pesa zikanunua chumvi na kulipa wapishi.

Ili tarehe hiyo isiwe siri yangu, kila Ijumaa naandika salio kwa chaki kwenye mlango wa stoo, upande wa nje. Ijumaa iliyopita mlango ulisomeka hivi: mahindi magunia 19, njegere 6, mafuta makopo 9, watoto 312, siku zilizobaki 20.