Namna ya Kusoma Majibu ya Protini za Mafuta ya Damu Pamoja na ya Figo

Katika kliniki ya kisukari na shinikizo la damu ninakohudumu hapa Nairobi, wagonjwa huleta majibu ya mafuta ya damu wakiuliza habari za moyo peke yake. Utaratibu ufuatao utakusaidia kuyasoma pamoja na ya figo kabla ya kuonana na daktari wako.

Hatua ya kwanza: anza na figo. Omba kipimo cha kreatinini (taka ya misuli) katika damu, ambacho maabara hukitumia kukadiria kiwango cha uchujaji wa figo, na cha albumini (protini ya damu) katika mkojo wa asubuhi. Usile nyama kwa saa 12 kabla ya kutolewa damu, kwa kuwa nyama iliyopikwa hupandisha kreatinini. Aliyekula nyama choma Jumapili usiku asipimwe Jumatatu alfajiri. Uliza pia kama maabara hutumia kanuni ya kukadiria uchujaji iitwayo CKD-EPI ya mwaka 2021, kwani ile ya 2009 ilimwongezea mtu mweusi takriban asilimia 16 ya kiwango hicho, jambo linaloweza kuzifanya figo zake zionekane nzima kuliko zilivyo.

Hatua ya pili: uchujaji ulio chini ya mililita 60 kwa dakika, au albumini inayofikia miligramu 30 kwa kila gramu ya kreatinini, huhesabiwa kuwa ugonjwa sugu wa figo ukidumu zaidi ya miezi 3.

Hatua ya tatu: omba kipimo cha apolipoproteini B, yaani protini ya chembe zinazobeba mafuta katika damu, hata kama umekwisha kupimwa LDL (kolesteroli mbaya). Si kila maabara huifanya, basi uliza mapema. Kufunga si lazima. Kila chembe ya LDL, au ya VLDL ibebayo trigliseridi (aina ya mafuta ya damu), hubeba molekuli moja tu ya protini hii, kwa hiyo kuipima ni kuhesabu chembe zenyewe. Figo zinapodhoofika, trigliseridi huelekea kupanda na HDL (kolesteroli nzuri) kushuka, ilhali LDL yaweza kuonekana ya kawaida huku chembe zikiwa nyingi. Apolipoproteini B ya gramu 1.3 kwa lita au zaidi ni dalili ya hatari kubwa kwa moyo na mishipa.

Hatua ya nne, ambayo kwangu ndiyo nzito: tambua kipi kimetangulia. Tafiti za ufuatiliaji zimehusisha uwiano mkubwa wa apolipoproteini B kwa A-I, ambayo ni protini kuu ya HDL, na kudhoofika kwa figo. Lakini figo zilizougua nazo huvuruga mafuta. Zinapovujisha albumini nyingi, ini huongeza utengenezaji wa lipoproteini (chembe za kubeba mafuta), na kolesteroli hupanda hata kwa mtu anayekula kwa kiasi. Mkojo wenye povu na miguu iliyovimba vikiandamana na kolesteroli ya juu, mimi huchunguza figo kabla ya kulaumu chapati.

Hatua ya tano: usiitarajie statini, dawa ya kushusha kolesteroli, ifanye kazi isiyo yake. Utafiti wa SHARP, uliochapishwa mwaka 2011, ulionyesha kwamba simvastatini (aina ya statini) pamoja na ezetimibu, dawa nyingine ya kolesteroli, hupunguza madhara ya mishipa kwa wagonjwa wa figo, ila haukuonyesha kwamba huzuia figo kuendelea kudhoofika. Kinachozilinda figo zaidi ni kudhibiti shinikizo na sukari, dawa za kupunguza albumini mkojoni daktari akiziandika, na kuacha kununua diklofenaki, dawa ya maumivu, kiholela dukani.

Rudia vipimo baada ya miezi 3, katika maabara ileile, na uje na karatasi zote mbili, ya figo na ya mafuta.