Watoto wa nguruwe wanaohara: kazi kubwa iko kwenye saa 24 za mwanzo

Juni na Julai ni miezi migumu kwa wafugaji wa nguruwe wa Makete na Njombe. Mama amezaa kumi, siku ya pili watatu wanahara, siku ya nne wamebaki watano. Mfugaji anakimbilia duka la dawa za mifugo, anarudi na chupa na sindano, anawachoma wote. Mzao unaofuata mambo ni yale yale. Sindano ina nafasi yake, lakini ugonjwa huu unazuiwa siku mama anapozaa, na wiki moja kabla ya hapo.

Mara nyingi mhusika ni bakteria aitwaye E. coli. Nguruwe wakubwa wanaishi naye tumboni bila shida. Kwa mtoto mchanga, aina zake kali hunata kwenye utumbo mdogo na kutoa sumu inayoufanya utumbo umwage maji badala ya kuyafyonza. Kinyesi huwa majimaji, cha manjano au cheupe, bila damu. Matako yanalowa, macho yanazama, ngozi ukiivuta inachelewa kurudi. Kinachomuua ni kuishiwa maji mwilini, na wengine hufa hata hujaona kinyesi.

Sasa tuje kwenye dang'a, yaani maziwa ya mwanzo ya mama, maana hapa ndipo wengi tunapoteza watoto. Mtoto wa nguruwe huzaliwa bila kinga ya mama yake, kwa sababu kondo la nguruwe haliipitishi. Kinga yote amehifadhiwa kwenye dang'a hiyo. Utumbo wake huipokea kwa muda wa siku moja hivi, vizuri zaidi saa sita za kwanza, kisha mlango unafungwa. Kila mtoto anahitaji walau mililita 200. Kwa hiyo usilale mama anapozaa. Mfute kila mtoto kwa kitambaa kikavu, mpeleke kwenye chuchu, na uhakikishe ameshika. Wakiwa wengi, wafungie wale wakubwa walioshiba kwenye boksi lenye nyasi kavu kwa saa moja hivi, wadogo wanyonye bila kusukumwa, halafu wabadilishane.

Jambo la pili ni joto. Mtoto mchanga anahitaji nyuzi 32 hadi 34, wakati mama yake anaona raha kwenye 18 hadi 22. Huwezi kuwaridhisha wote kwenye sakafu moja, hasa huko karibu na Kitulo ambako umande huganda usiku wa kipupwe. Jenga kisanduku cha mbao kwenye kona ya banda, chenye paa na mlango ambao mama hapiti, ujaze nyasi kavu au maranda, na kama una umeme weka taa juu. Jiko la mkaa silishauri: linaunguza mabanda, na hewa yake inaua. Watoto wenyewe watakuambia hali ikoje. Wakirundikana mmoja juu ya mwenzake, wana baridi. Wakilala ubavu kwa ubavu wamejinyoosha, umepatia. Mwenye baridi hanyonyi, na asiyenyonya hana kinga.

Banda la kuzalia lianze kuandaliwa mapema. Toa samadi yote, sugua kwa maji na sabuni, kwa kuwa dawa ya kuua vijidudu haifanyi kazi juu ya kinyesi. Paka chokaa, acha pakauke siku kadhaa, ndipo umwingize mama, wiki moja kabla ya kuzaa. Mwoshe tumbo na chuchu kwa maji ya uvuguvugu, mtoto asimeze uchafu kabla ya dang'a. Ipo pia chanjo anayochomwa mama, kwa kawaida mara mbili kabla ya kuzaa. Inamfikia mtoto kupitia dang'a hiyo hiyo, hivyo asiyenyonya hafaidiki nayo.

Wakishaanza kuhara, maji kwanza. Lita moja ya maji yaliyochemshwa na kupozwa, vijiko vidogo sita vya sukari, nusu kijiko cha chumvi. Wape kidogo kidogo, mara nyingi kwa siku, na usiwaachishe kunyonya. Antibaotiki iachie uamuzi wa mtaalamu wa mifugo, na ukianza maliza siku zote alizokuandikia. Kuchoma mara moja na kuacha kunazalisha bakteria sugu ndani ya banda lako mwenyewe.

Kama kuhara kumeanza baada ya siku ya tano na antibaotiki haisaidii, huenda ni koksidia, vimelea vidogo vya utumbo, si bakteria. Damu na ute kwa nguruwe wanaokua huashiria kuhara damu, ugonjwa wa bakteria mwingine anayeletwa na nguruwe wa kununua na kusambazwa na panya. Mgeni atengwe wiki tatu au nne. Na ukiona homa kali, masikio mekundu na wakubwa wakifa, fikiria homa ya nguruwe ya Afrika, ambayo haina tiba. Usiuze, usichinje, mwite bwana mifugo siku hiyo hiyo.

Kuhara hurudi tena kwenye wiki ya kwanza baada ya kuachisha kunyonya. Maziwa yamekatika, chakula ni kigeni, na mara nyingi tunawahamisha siku hiyo hiyo. Mhamishe mama, watoto wabaki banda lao. Waonjeshe chakula chao tangu wiki ya pili au ya tatu, na wakishaachishwa wape kidogo mara nne au tano kwa siku. Ukimwona aliyenona kuliko wote amevimba kope na anayumba, E. coli yupo tena: punguza chakula mara moja, wape maji safi, na piga simu kwa mtaalamu.