SOMO: Jinsi ya kuchunguza namna mataifa yanavyozungumzia ugaidi katika Umoja wa Mataifa

Nimelijibu swali hili mara nyingi hadi nimechoka, kwa hiyo naliandika mara moja. Atakayeuliza tena nitamwelekeza hapa.

Hatua ya 1. Chagua mvutano mmoja wenye tarehe, si "ugaidi" kwa jumla.

Hatua ya 2. Pakua hati kutoka maktaba ya kidijitali ya Umoja wa Mataifa. Ni bure.

Hatua ya 3. Kabla ya kuhesabu neno lolote, jua neno hilo ni la nani. Hapa ndipo nilipojikwaa. Katika tasnifu yangu nilihesabu neno "ugaidi" katika kumbukumbu za miaka kumi za Kamati ya Sita, inayoshughulikia sheria katika Baraza Kuu, nikachora majedwali ya kupendeza, kisha msimamizi wangu akafungua ukurasa mmoja na kuuliza: "Haya ni maneno ya balozi au ya karani?" Alama za hati zile zilikuwa na herufi SR, yaani muhtasari: mwandishi wa sekretarieti huifupisha hotuba kwa usemi wa taarifa, hivyo balozi aliyetaja ugaidi mara tisa anaweza kubakiziwa mara mbili. Kumbukumbu za neno kwa neno ni zile zenye PV, na hata hizo zina mtego, kwa sababu kando ya jina la msemaji huandikwa kwenye mabano lugha aliyotumia, na ikiwa ni Kiarabu au Kifaransa, Kiingereza unachokisoma si chake. Asiyesoma mabano hayo anapima kazi ya wakalimani na wafasiri. Sura nzima niliifuta.

Hatua ya 4. Usidhani kwamba aliyenyamaza hana msimamo. Nchi nyingi husema zinaunga mkono tamko la Kundi la Afrika au la Nchi Zisizofungamana na Upande Wowote, kisha huongeza aya mbili tu. Mara nyingine hakuna anayesema kitu: azimio 1373 la Baraza la Usalama, la 28 Septemba 2001, lililozibana nchi zote kuhusu fedha za magaidi, lilipitishwa kwa kauli moja katika kikao cha dakika chache.

Hatua ya 5. Soma maelezo ya kura, yaani sababu ambazo nchi hutoa za kupiga kura namna ilivyopiga.

MASWALI

Mdau_Pwani: Mkuu, nitumie fasili ya ugaidi ya Umoja wa Mataifa, nina wasilisho kesho.

Jibu: Hakuna fasili moja iliyokubaliwa na wote. Kamati iliyoundwa kwa azimio 51/210 la Baraza Kuu la mwaka 1996 imekwama hapo hapo. Rudi hatua ya 1.

Mdau_Pwani: Sasa somo la nini kama jibu hamna?

Jibu: La kutafiti, si la kunakili.

Chausiku: Kwa nini nchi za Afrika hutaja ukombozi kila zinapolaani ugaidi?

Jibu: Umeuliza jambo la msingi, dada. Kamati ya Ukombozi ya OAU (Umoja wa Nchi Huru za Afrika) ilikuwa na makao Dar es Salaam, na wapiganaji iliowasaidia waliitwa magaidi na watawala wa Pretoria. Suala lilipoingia Baraza Kuu mwaka 1972, baada ya mauaji ya wanamichezo wa Israel mjini Munich, azimio 3034 lilithibitisha uhalali wa harakati za ukombozi. Sasa weka hati mbili sambamba: azimio 1189 la Agosti 1998, linalolaani mabomu ya Nairobi na Dar es Salaam, Kenya ikiwa mjumbe wa Baraza la Usalama, halina kinga hiyo kwa wapigania ukombozi, ilhali Mkataba wa Algiers wa Julai 1999, yaani mkataba wa OAU dhidi ya ugaidi, unayo katika ibara ya 3. Miezi 11 tu imezitenganisha. Ukiniandikia ulichokiona, nitakisoma.

Msomi_Tabora: Je, Hansadi (kumbukumbu za mijadala ya Bunge) zinafaa?

Jibu: Sana. Tafuta mjadala wa Sheria ya Kuzuia Ugaidi ya Tanzania ya mwaka 2002, kisha wa Kenya, ambako muswada wa 2003 ulikwama na sheria ikapatikana 2012. Waziri anayewaeleza wabunge kwa Kiswahili hachagui maneno ya balozi aliyeko New York.

Fundi_Kompyuta: Niongeze kidogo: hati za 1972 ni picha za karatasi zilizochapwa kwa mashine, na kompyuta huzisoma vibaya. Nilitafuta neno nikapewa sifuri, ilhali lilikuwa limejaa ukurasa mzima.

Jibu: Asante, ndugu. Nalihamishia hatua ya 2.