Kutoka rundo la skripti hadi mkusanyiko wa zana za mfumo: hatua kwa hatua

Ukishakaa na Linux kwa muda, folda yako ya ~/bin hujaa. Kuna skripti ya kusaka faili zilizojirudia, ipo ya kufyeka kumbukumbu kuukuu za seva, na ipo ambayo umeshasahau inafanya nini. Mwenzako akiomba umpe, kisha mwingine akaomba, basi tayari una mradi wa programu huria, upende usipende. Mwongozo huu ni wa kuligeuza rundo hilo kuwa mkusanyiko unaoweza kutunzwa na mtu mwenye kazi nyingine ya kumlisha. Mifano ni ya C, na mradi wetu tuuite kisanduku.

Hatua ya 1: Amua kisichoingia

Kwenye README andika mradi unafanya nini, kisha andika unakataa nini. GNU coreutils, mkusanyiko wa amri za msingi za Linux, iliunganisha mafurushi matatu (fileutils, textutils na shellutils) na sasa ina amri zaidi ya 100. Huna sababu ya kuandika `ls` upya. Kanuni yangu: kama kazi inawezekana kwa kuunganisha amri mbili tatu zilizopo kwa bomba (alama ya `|`), hiyo ni mfano wa kuweka kwenye maelezo, si zana mpya.

Leseni nayo ichague leo, kabla mtu wa pili hajachangia. Baadaye utalazimika kumsaka kila mchangiaji umwombe idhini. BusyBox, mkusanyiko wa zana nyingi ndani ya programu moja, iko chini ya GPLv2, inayomtaka anayeisambaza atoe na msimbo wake. Toybox, mkusanyiko kama huo wa Rob Landley ambaye aliwahi kuitunza BusyBox, ilichagua 0BSD isiyo na masharti, na ndiyo iliyoingia kwenye Android tangu toleo la 6.0.

Hatua ya 2: Programu moja, majina mengi

Badala ya kutoa programu ishirini, toa moja inayojiuliza imeitwa kwa jina gani. Ndivyo BusyBox inavyofanya, na ndiyo maana inaenea kwenye ruta ndogo zenye OpenWrt, mfumo wa Linux wa ruta.

```c
int main(int argc, char **argv)
{
    char *p = strrchr(argv[0], '/');
    char *jina = p ? p + 1 : argv[0];

    atexit(funga_stdout);
    for (struct zana *z = orodha; z->jina; z++)
        if (strcmp(jina, z->jina) == 0)
            return z->fanya(argc, argv);
    fprintf(stderr, "%s: zana haipo\n", jina);
    return 127;
}
```

Kisha `ln -s kisanduku rudufu`, na zana ya `rudufu` imepatikana. Kuongeza nyingine ni kuongeza mstari mmoja kwenye `orodha`.

Hatua ya 3: Usiseme "sawa" wakati si sawa

Hapa ndipo zana nyingi za nyumbani huanguka, kwa hiyo tutulie kidogo. Linux ina kifaa kiitwacho `/dev/full`: ukikiandikia chochote, kinajibu kwamba diski imejaa. Jaribu zana yako kabla hujaweka `funga_stdout`:

```
$ ./rudufu ~/picha > /dev/full; echo $?
0
```

Sifuri! Zana imeshindwa kuandika hata herufi moja, na bado inadai mambo shwari. Sababu ni kwamba `printf` huweka maandishi kwenye akiba ya muda, na kosa linatokea tu akiba ikimwagwa mwishoni, wakati hakuna anayeangalia. Fikiria skripti ya kuhifadhi nakala iliyoiamini sifuri hiyo, kisha ikafuta faili za awali. Dawa ni hii:

```c
static void funga_stdout(void)
{
    int kosa = ferror(stdout);
    if (fclose(stdout) != 0 || kosa) {
        fputs("kisanduku: kuandika kumeshindwa\n", stderr);
        _exit(1);
    }
}
```

Kwa zana zinazotafuta, fuata desturi ya `grep`: 0 kimepatikana, 1 hakikupatikana, 2 kuna kosa. Ujumbe wa makosa uende stderr daima (njia ya makosa, tofauti na stdout ya matokeo). Huo unaweza kuwa kwa Kiswahili bila shida. Lakini matokeo yanayosomwa na skripti nyingine yasibadilike kufuata lugha ya mtumiaji.

Hatua ya 4: Jaribu kwa majina ya ajabu

Jina la faili la Linux linaweza kuwa na baiti yoyote isipokuwa `/` na baiti sifuri (NUL). Tengeneza folda ya majaribio yenye visirani:

```
touch -- -n 'picha ya harusi.jpg' "$(printf 'mbili\nmistari')"
```

Zana inayotoa majina iwe na chaguo la kuyatenganisha kwa baiti sifuri, ili `xargs -0` iyapokee salama. Jenga pia kwa `-fsanitize=address,undefined`, inayonasa makosa ya kumbukumbu, na ujaribu kwenye Alpine, maana inatumia maktaba ya C iitwayo musl na itakuumbua haraka ukiwa umezoea glibc ya Linux nyingine nyingi. Hitilafu isirekebishwe bila jaribio linaloshindwa kabla ya marekebisho.

Makefile ikubali `PREFIX` na `DESTDIR`, vigezo vya kuchagua pa kusakinisha. Watu wa Debian hawataki faili zako zirukie `/usr/local` bila ruhusa.

Hatua ya 5: Toa matoleo bila kuvunja skripti za watu

Watu husamehe zana iliyopungukiwa. Iliyobadilika ghafla hawaisamehi. POSIX (kiwango cha pamoja cha mifumo ya Unix) ya 2001 ilipoondoa mtindo wa `sort +1` na `tail +5`, coreutils iliufuata, skripti za zamani zikavunjika, na kukabaki kigezo cha mazingira cha `_POSIX2_VERSION` cha kurudisha tabia ya kale. Mwaka 2016, toleo la 8.25 lilianza kuonyesha majina yenye nafasi ndani ya alama za nukuu kwenye `ls`. Malalamiko yalikuwa mengi, ila skripti zilipona, kwa sababu badiliko linafanyika kwenye terminali tu. Nawe tumia `isatty`, inayokuambia kama matokeo yanakwenda terminali: urembo kwa binadamu, ukavu kwa bomba.

Ukitaka kuondoa chaguo, litangaze kwenye faili ya NEWS kwanza. Usikimbilie kuchapisha onyo kila zana inapoendeshwa. Cron, inayoendesha kazi kwa ratiba, hutuma barua pepe kwa kila neno linalotoka, na asubuhi utaamka na wasimamizi wa seva mlangoni.

Hatua ya 6: Funguo za mradi

Utahitaji mtunzaji wa pili, lakini soma kwanza kisa cha Machi 2024 cha xz, zana ya kubana faili. Aliyejiita Jia Tan alichangia kwa subira mpaka akapewa mamlaka ya kutoa matoleo, kisha akapenyeza mlango wa siri. Mhandisi wa programu Andres Freund aliugundua baada ya kuona SSH inachelewa kama nusu sekunde. Kipande muhimu cha hila hiyo kilikuwa ndani ya furushi la toleo tu, hakikuwemo kwenye Git.

Kwa hiyo furushi lako litoke kwenye Git moja kwa moja:

```
git tag -s v1.2
git archive --prefix=kisanduku-1.2/ v1.2 | gzip -n > kisanduku-1.2.tar.gz
```

Ndani yake kusiwe na faili yoyote iliyotengenezwa kwenye kompyuta ya mtunzaji. Yeyote mwenye nakala ya hazina alifungue, aendeshe `diff -r` dhidi ya lebo ya v1.2, na asione tofauti yoyote.