Kuomba chuo cha PA Marekani ukiwa na GPA ya chini: piga hesabu kabla ya kugusa fomu

Una GPA mbili (wastani wa alama zako, juu kabisa ni 4.0), ujue hilo mapema. Ya kwanza ni ile iliyo kwenye karatasi ya chuo chako, uliyompigia mama simu ukamsomea. Ya pili ni ile watakayokukokotolea CASPA, mfumo wa pamoja ambao programu nyingi za PA hupokelea maombi. Mimi niliingia na 3.05 mkononi. Walipomaliza kuihakiki ilikuwa 2.74.

Kwa anayesikia PA (physician assistant) kwa mara ya kwanza: ni ndugu wa tabibu wetu wa kituo cha afya. Anapima, anaandika dawa, anashona kidonda, daktari akiwa jirani au kwenye simu. Kazi yenyewe ilianzia Chuo Kikuu cha Duke mwaka 1965, na wanafunzi wa kwanza walikuwa watu waliotoka jeshi la majini ambako walikuwa wakihudumia wagonjwa. Na kama ulikuwa CO (clinical officer) Kenya au tabibu Tanzania, pole: cheti hicho hakikupeleki kwenye PANCE, mtihani wa taifa wa kuwa PA. Lazima umalize programu ya hapa yenye ithibati ya ARC-PA, chombo kinachokagua programu hizi, kwa kawaida miaka miwili na ushee.

Sasa ile 2.74 ilitoka wapi? Chuo changu kina huruma: ukirudia kozi, alama ya zamani inafutwa kwenye wastani. CASPA hawajui huruma hiyo, wanahesabu kila jaribio. Kemia niliyopata F nikairudia nikapata A, chuoni inasomeka A. Kwao ni F na A, yaani wastani wa 2.0. Nilikuwa na kozi nne za aina hiyo, F mbili na D mbili, zote za mwaka ule nilipokuwa nafanya shifti za usiku kwenye nyumba ya wazee na kwenda darasani saa mbili asubuhi na viatu vilevile. Krediti 16 (krediti ni kipimo cha uzito wa kozi) zilizozikwa zikafufuka.

Mwaka wa kwanza wa kuomba sikulijua hilo. Nililipa, nikatuma vyuo kumi na kimoja, vingi vikiwa vimeandika wazi kwamba kiwango cha chini ni 3.0. Ada ya chuo cha kwanza ilikaribia dola 180, kila cha ziada hamsini na kitu, na baadhi ya vyuo vikaongeza ada yao wenyewe juu. Zaidi ya dola 700 zilikwenda kununua barua za "tunakutakia kila la heri". Kompyuta ilinikata kabla binadamu yeyote hajanisoma.

Kwa hiyo chukua daftari. Orodhesha kila kozi uliyowahi kukaa, na zile ulizofeli na kurudia pia. A ni 4.0, A- ni 3.7, B+ ni 3.3, unashuka hivyo. Zidisha kwa krediti, jumlisha, gawanya. Halafu fanya tena kwa biolojia, kemia na fizikia peke yake, kwa sababu wastani wa sayansi nao unatazamwa, na huko ndiko wengi wetu tulikoungulia.

Ukishapata namba ya kweli, jiulize inapandishika kiasi gani. Mimi nilikuwa na krediti 130 kwa 2.74. Kufika 3.0 nilihitaji krediti 34 za A tupu. Nilikwenda chuo cha jamii, ambako krediti ni nafuu, nikasoma 36 kwa miaka miwili: mikrobiolojia, jenetiki, takwimu, fiziolojia na nyinginezo. Kozi mbili nikapata B. Nikaishia 2.97.

Ndiyo, 2.97. Anayekwambia "ni karibu sana, jaribu tu" hajawahi kulipa ada hiyo. Chuo kilichoandika 3.0 kinamaanisha 3.0.

Kilichoniokoa ni kwamba vyuo havifanani. Vipo vyenye kiwango cha chini cha 2.75. Vipo vinavyotazama krediti 60 za mwisho badala ya maisha yako yote, na zangu 60 za mwisho zilikuwa na 3.6. Fungua ukurasa wa udahili wa kila chuo, soma kwa macho yako, na ukiona maneno ya mafumbo waandikie. Waulize mambo matatu: mnatazama wastani upi, kozi za lazima zinaisha muda baada ya miaka mingapi (vingine vinakataa za zaidi ya miaka mitano, saba au kumi), na saa za wagonjwa nilizofanya nje ya Marekani mnazihesabu? Jibu litunze. Mtu wa simu na ukurasa wa tovuti wanaweza wasikubaliane, na wewe ndiye utakayebishana nao.

Fomu yenyewe hufunguliwa mwishoni mwa Aprili kila mwaka. Sehemu za jina na anwani utazimaliza ukinywa chai. Kitakachokukesha ni kuingiza kozi, moja moja, kama zilivyoandikwa kwenye transkripti (karatasi rasmi ya alama), hata zile ulizojitoa ukapewa W. Mimi nilizijaza kwenye chumba cha mapumziko kazini, saa nane usiku, huku kengele ya chumba cha 14 ikilia kila dakika kumi kwa ajili ya mto wa kulalia. Nilisahau kozi moja ya kiangazi. Wiki kadhaa baadaye hali ya ombi ikabadilika kuwa "Undelivered" (halijafikishwa), likarudishwa nilirekebishe, nami nikarudi mkiani mwa foleni. Vyuo vingi huita watu kwenye usaili kadiri maombi yanavyoingia, kwa hiyo wiki hizo ni viti vinavyokaliwa na wengine.

Transkripti zinatakiwa kutoka kila chuo ulichowahi kusoma, hata kile ulichochukua kozi moja ya Kiingereza ulipofika nchini. Changu kimoja kilikataa kutuma kwa sababu nilidaiwa dola 38 za maegesho. Nilipiga simu, nikapelekwa ofisi ya fedha, ofisi ya fedha ikanirudisha kwa msajili, msajili akasema gari si la idara yake. Siku tisa. Angalia madeni yako Machi.

Saa za kuhudumia wagonjwa ndizo silaha ya mwenye GPA ndogo. Programu nyingi zinataka 500 au 1,000, nyingine 2,000, na ukiwa CNA (msaidizi wa wauguzi mwenye cheti) wa muda wote unafikisha 2,000 kwa mwaka. Andika ulichofanya kwa mikono yako. "Kusaidia wauguzi" haimwambii mtu kitu. Kumgeuza mgonjwa kila saa mbili, kupima sukari, kugundua kwamba mzee aliyekuwa anapiga soga jana leo maneno yanamkwama na kumwita nesi mbio, hicho kinaeleweka.

Barua za mapendekezo omba miezi miwili kabla, na moja itoke kwa PA aliyekuona ukifanya kazi. Watu wema husahau. Kumbusha bila aibu.

Insha ni herufi 5,000 pamoja na nafasi. Kuhusu alama mbaya, aya moja inatosha: nini kilitokea, nini kilibadilika, ushahidi ni upi. Rasimu yangu ya kwanza ilikuwa kilio cha ukurasa mzima kuhusu shifti, kodi ya nyumba na baridi ya Minnesota. Dada mmoja niliyempa aisome aliirudisha na swali moja pembeni: "Mgonjwa yuko wapi humu?"

Mara ya pili nilituma vyuo tisa tu. Viwili viliniita. Kwenye usaili wa kwanza swali la tatu lilikuwa kuhusu ile F ya kemia, kwa hiyo jibu lako lijaribu kwa sauti mbele ya mtu, lisizidi dakika moja. Cha pili kikanipa nafasi.

Kumbuka amana. Ukikubaliwa unapewa siku chache, mimi nilipewa kumi na nne, ulipe ili kiti kishikwe, na kwa kawaida hairudishwi. Barua yangu ilikuja kwenye folda ya taka za barua pepe. Niliiona siku ya kumi na moja.